Zimwi Likujualo: Nyumba ya Utotoni na Mwandishi wa Hadithi za Kutisha



 Yamkini baadhi yenu mtastaajabu kumwona mwanaisimu, ambaye umri wake wote ameutumia kuhangaika na vitenzi, akija mbele yenu kuzungumzia mazimwi. Utetezi wangu ni mfupi: nimeingia katika mada hii kwa mlango wa maneno.

Kiswahili kina kitenzi ogopa, na kutokana nacho tunapata ogofya. Sauti p inageuka kuwa f, na aliyekuwa mwenye kutishika anakuwa mwenye kutisha. Badiliko hilo la konsonanti moja tu ndilo swali langu la leo. Mtoto anayeogopa hugeukaje kuwa mtu mzima anayeogofya, tena kwa kalamu?

Tazameni pia mzizi -zimu. Tunao mzimu, tunako kuzimu, tunao wazimu. Na zimwi nalo ni la ukoo huo huo, kama inavyoonekana tukililinganisha na majina ya madubwana katika lugha nyingine za Kibantu, mathalani irimũ la Wagikuyu. Maana yake ni kwamba lugha yetu imewaweka katika familia moja marehemu wa jamaa, makazi yao, akili iliyopotea, na dubwana lilalo watu. Mzungumzaji wa kawaida halitambui jambo hili, lakini halihitaji kutambuliwa ili lifanye kazi. Wahenga nao wakasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Aghalabu tunaitumia methali hiyo kuwasifu jamaa. Mimi sikuzote nimeiona kuwa methali ya kuogofya mno, kwani haisemi kwamba zimwi likujualo halikuli. Inasema halikumalizi.

Katika ngano ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha mwaka 1870 imo ile ya Sultani Majnuni, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la nunda mla watu. Mfalme anafuga paka. Paka anakamata ndama, watumishi wanakuja kushtaki, naye mfalme anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Mnyama anapanda daraja, mbuzi, ng'ombe, punda, hata watoto wa watu, na jibu halibadiliki. Mpaka siku anapowaua wana wa mfalme mwenyewe ndipo mzee anakiri kwamba huyu hakuwa paka. Hadithi hii ingeweza kumleta nunda kutoka msituni. Haikufanya hivyo. Nunda amelelewa nyumbani, akala chakula cha nyumbani, na aliyemkuza ni ule ukaidi wa mkuu wa nyumba wa kutokiita kitu kwa jina lake.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa kike aliniletea mswada wa hadithi za kutisha, nao ulikuwa mzuri. Baada ya muda mama yake akanijia, mwanamke mpole, akakaa kitako na kuniuliza, "Profesa, huyu mtoto tumemkosea nini? Nyumbani kwetu hakujatokea kitu cha namna hii." Jamaa walikuwa wamekwisha shauriana asomewe kisomo. Swali la mama yule lilinishughulisha kuliko makala nyingi za kitaaluma nilizopata kuzisoma kuhusu suala hili, kwa sababu ndani yake mna nadharia nzima: kwamba anayeandika mambo ya kutisha ametendewa jambo la kutisha, na kwa hiyo kitabu chake ni mashtaka dhidi ya wazazi.

Hebu tuipime nadharia hiyo kwa Stephen King, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947 katika jimbo la Maine. Akiwa na umri wa miaka minne hivi, alikwenda kucheza kwa jirani karibu na njia ya reli, akarudi nyumbani kauka, hasemi. Baadaye ikajulikana kwamba mtoto mwenzake alikuwa amegongwa na treni. Wachambuzi wamelidaka tukio hili kama ufunguo wa kila kitu. King mwenyewe, katika kitabu chake Danse Macabre cha mwaka 1981, anasema halikumbuki hata kidogo; alisimuliwa na mama yake. Nawaombeni mlipime jambo hili. Kilichobaki kwa mtoto si ajali. Ni simulizi ya mama kuhusu ajali.

Kuna jingine lililo zito zaidi. Baba yake aliondoka nyumbani mwaka 1949, akisema anakwenda kununua sigara, na hakurudi. Mama, Ruth, akabaki na wana wawili, akihamahama na kufanya kazi za mshahara mdogo. Miaka ikapita, na katika dari la nyumba ya shangazi mvulana akagundua sanduku lenye vitu vya baba. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya kutisha vya bei rahisi, na kimojawapo kilikuwa mkusanyiko wa hadithi za H. P. Lovecraft. Akagundua pia kwamba baba yake alikuwa amejaribu kuandika hadithi za aina hiyo na kuzipeleka kwa magazeti, yakazikataa. Kwa hiyo, baba asiyekuwapo aliacha urithi, nao ulikuwa utanzu wa fasihi. Sijui kama kuna mzimu uliotimiza wajibu wake kwa ukamilifu zaidi.

Hata hivyo, sanduku peke yake lisingetosha. Mama alikwishafanya sehemu yake. Mwanawe alipoanza kwa kunakili hadithi za picha, alimwambia aandike zake mwenyewe. Alipoziandika, alimlipa robo dola kwa kila moja. Hadithi nne, dola moja. Mwanamke asiyekuwa na fedha alizitoa fedha. Shuleni mambo yalikuwa kinyume: kijana alipowauzia wenzake hadithi ya kutisha aliyoichapa mwenyewe, mkuu wa shule alimrudishisha fedha na kumuuliza kwa nini anapoteza kipaji chake kwa takataka. King amekiri kwamba aibu ile ilimfuata kwa miaka mingi. Ruth alifariki mwezi Desemba 1973, miezi michache kabla ya riwaya ya Carrie kutoka mwaka 1974, lakini alikuwa amekwisha somewa kitabu hicho kitandani.

Sasa turudi kwa yule aliyekuwamo sandukuni. Lovecraft alizaliwa Providence mwaka 1890. Mwaka 1893 baba yake alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafia humo mwaka 1898. Mtoto aliambiwa kwamba baba amepooza. Mwaka 1896 bibi yake alifariki, na wanawake wa nyumba wakavaa nguo nyeusi. Ndipo mtoto wa miaka mitano akaanza kuota viumbe weusi wasio na nyuso, wenye mabawa, wanaombeba usiku. Babu yake mzaa mama alimzoesha giza kwa kumpitisha katika vyumba visivyo na taa, na ndiye aliyemsimulia visa vya kutisha alivyovitunga papo kwa papo. Babu akafa mwaka 1904 na nyumba ikapotea. Mama naye akaingizwa mwaka 1919 katika hospitali ile ile iliyomchukua mumewe, akafa mwaka 1921.

Mtu akiyafahamu hayo, hashangai kwamba katika riwaya fupi yake kuhusu mji wa Innsmouth, iliyochapishwa mwaka 1936, msimulizi anayewakimbia viumbe wa baharini hugundua mwishoni kwamba wao ni jamaa zake. Damu ndiyo zimwi. Lakini lazima niseme, tena bila kupindisha maneno, kwamba nyumba na tabaka lile lilimfundisha pia kuwadharau na kuwachukia watu wa rangi nyingine, nasi tukiwamo. Hofu yake ya damu iliyochanganyika imejaa ubaguzi. Mwafrika anayemsoma Lovecraft hujikuta akisoma upande wa dubwana, na nadhani huona mambo ambayo wasomaji wa huko hawayaoni.

Mary Shelley nitamgusa tu. Mama yake, Mary Wollstonecraft, alifariki siku chache baada ya kumzaa mwaka 1797. Inasemekana kwamba baba alimfundisha binti herufi kwa kufuatisha maandishi ya jiwe la kaburi la mama, ambalo lilikuwa na jina lake yeye mwenyewe. Mtoto wake wa kwanza alifariki mwaka 1815, na katika shajara yake aliandika kwamba ameota mtoto amefufuka baada ya kukandwa mbele ya moto. Riwaya ya Frankenstein ilitoka mwaka 1818. Sioni haja ya kuongeza neno.

Kwa hiyo, jibu langu kwa mama yule lilikuwa kwamba si lazima liwe limetokea lolote. Katika nyumba hizi zote nakuta jambo lisilosemwa, na pembeni yake mtu asemaye: babu gizani, mama mwenye robo dola. Ukimya peke yake huzaa wazimu au huzuni. Usimuliaji peke yake huzaa burudani. Alinisikiliza, akaniuliza kama hadithi hizo zinaweza kuchapishwa.

Hapo sikuwa na jibu jepesi, kwani Kiswahili, pamoja na utajiri wake wa mazimwi, kimekuwa na riwaya chache za kutisha. Muhammed Said Abdulla aliita kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, lakini Bwana Msa hutegua kila kitendawili kwa akili na kiko chake, na mzimu unageuka kuwa kazi ya binadamu. Kizazi kile kilikuwa na sababu ya kuutukuza urazini. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa mwaka mmoja na King, alimrudisha mzuka kwa heshima zote katika Babu Alipofufuka mwaka 2001. Kinyume na wa Lovecraft, mzuka huyu hakuja kumla mjukuu. Alikuja kumdai. Naona hapa mwanzo wa kitu ambacho ni chetu.

Ombi langu kwa wanafunzi ni la kikazi. Mnaporekodi ngano, mnaniletea matini safi, kuanzia paukwa hadi tamati, na mnaniachia nje nyumba. Andikeni pia ni nani aliyesimulia, nani alikuwa amelala ubavuni mwake, taa ilikuwa wapi, na ni swali gani watoto walikatazwa kuuliza. Mkikuta nyumba ambayo sasa televisheni husimulia badala ya bibi, andikeni hilo nalo. Ofisi yangu iko wazi kila Jumatano alasiri.