Kabla ya Kulaumu Mbegu

Mazungumzo na wakazi wa Ngara kuhusu kilimo cha nyumbani



Mimi nimesomea uandishi wa habari, si kilimo. Lakini swali moja hunifikia kila mara: “Nilinunua pakiti ya sukuma wiki nikapanda kwenye gunia, mbona haikuota?” Lawama humwendea muuza mbegu. Pengine ni haki. Ndiyo maana tunahimizwa kukwangua stika ya KEPHIS kwenye pakiti na kutuma nambari iliyomo kwa 1393. Lakini mbegu ikiwa halali, tuangalie yanayotendeka ndani yake.

Mbegu kavu imelala, haijafa. Inazuiwa na homoni iitwayo asidi ya abisisiki, ambayo ni kama breki. Breki hiyo ni mojawapo ya sababu mbegu za nyanya haziotei ndani ya tunda. Mbegu ikinywa maji, breki hulegea, na homoni nyingine, jiberelini, huongezeka. Hiyo ndiyo inayoamuru akiba iliyomo, kama wanga wa mahindi, igeuzwe sukari ya kulisha mche ambao bado hauna majani.

Kazi hii inahitaji maji, joto na hewa. Gunia likifurika, hewa hukosekana na mbegu huoza. Baridi ya Julai nayo huchelewesha nyanya na pilipili, kwa hivyo msiharakishe kufukua. Na ukikamua mbegu za managu mwenyewe, zioshe hadi utelezi uishe, kwa sababu majimaji ya tunda huzuia kuota.

Mche ukishachomoza, homoni ya oksini huuongoza. Mwaka 1880, Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kwamba mche wa nyasi uliofunikwa ncha haukuinamia mwanga. Baadaye wanasayansi waligundua kuwa oksini hujikusanya upande wenye kivuli. Upande huo hurefuka zaidi, na shina hupinda kuelekea mwanga. Basi miche ya kwenye korido za ghorofa ikiwa mirefu, myembamba na iliyopauka, msikimbilie mbolea. Inatafuta jua. Isogezeni.

Wala msitumie pesa kununua homoni za kuoteshea sukuma wiki. Mbegu nzima hujitengenezea zake.

Kabla ya kupanda pakiti yote, jaribuni hivi: wekeni mbegu 10 juu ya tishu yenye unyevu ndani ya mkebe wenye kifuniko, na mfungue kila siku hewa iingie. Baada ya wiki moja, hesabuni. Zikiota 8, mbegu ni nzuri, na shida iko kwenye gunia. Zikiota 2, rudini dukani na pakiti pamoja na risiti, mkiwa na ushahidi mkononi.