Matoleo: Neno na Maana Yake



Vitabu vyetu vya ibada vilivyofasiriwa kwa Kiingereza hutumia neno "oblation" kwa vitu tunavyovitoa mbele za Mungu. Ni neno la heshima, lisilosikika sokoni. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kitu kilicholetwa mbele. Wakristo huliita hivyo toleo la mkate na divai. Wafasiri wa Kisanskriti wakalitumia kwa samli imiminwayo motoni, ambayo sisi huiita ahuti.

Je, kwa Kiswahili tusemeje? Swali hili si dogo, kwa kuwa jina ndilo litakalomjulisha mgeni kama ale au asile.

Tusiseme dhabihu, maana neno hilo lina kisu ndani yake, na hekaluni mwetu hapachinjwi. Tusiseme kafara, maana kafara hutolewa ili kuondoa balaa, na mwenye busara hali kafara ya mwenzake. Tambiko ni la wenyeji wa milima hii na wazee wao waliotangulia. Si haki yetu kulichukua. Sadaka ni neno jema, la ukoo mmoja na kusadiki, lakini masikioni mwa wengi ni fedha ya kapu au msaada kwa mhitaji.

Limebaki matoleo, litokanalo na kutoa. Mapea na mapichi ya Usambara, ndizi, maziwa na sukari huwekwa mbele za Mungu, navyo huitwa naivedya. Baada ya sala hurudi mikononi mwetu kwa jina la prasad, vikagawiwa wote bila kuuliza nani alileta kingi, kwani kutoa ni moyo, si utajiri. Kimiminwacho motoni hakirudi. Kiwekwacho mbele hurudi. Neno la Kiingereza hufunika vyote viwili, wala halimwambii jirani lipi ni lipi.

Kwa hiyo twaomba kila agawaye mlangoni aseme kwanza: "Hiki kimetolewa kwa Mungu kwa desturi yetu." Apokeaye, tumshukuru. Ambaye dini yake haimruhusu, tusinune. Tumpe tunda ambalo halikuingia hekaluni, naye aondoke na heshima yake. Sisi wafanyabiashara twajua kwamba bidhaa hutajwa jina kabla ya kufungwa. Kinachotolewa kwa jina la Mungu chastahili uwazi zaidi ya huo.