Upanuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Athari Zake na Mwelekeo wa Shirikisho



Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 ulikuwa wa nchi tatu: Kenya, Tanzania na Uganda. Leo tuko nane. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia 2024. Hao watatu wa mwisho wameingia ndani ya miaka minane, kila mmoja akiwa na mapigano nchini mwake. Sikuja kupinga uanachama wao. Ninachohoji ni kwa nini tumeongeza wanachama bila kugusa kanuni za kuamua mambo.

Faida ipo. Kwa kuingia Kongo, Jumuiya imetoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki, na Kiswahili cha Goma, Bukavu na Lubumbashi kimekuwa cha Jumuiya. Lakini hebu tulifuate lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Linavuka Tunduma na kuingia Zambia, ambayo si mwanachama, kisha linakwenda hadi Kasumbalesa ndipo likanyage Kongo. Mzigo umetoka kwa mwanachama kwenda kwa mwanachama, na njiani umepita kwa mtu wa nje. Isitoshe, Kongo imo pia katika jumuiya nyingine za kikanda, SADC na COMESA, wakati Tanzania imo SADC lakini ilijitoa COMESA mwaka 2000; hivyo njia hiyo moja ina kanuni za jumuiya zaidi ya moja. Kwa dereva aliyekwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, upanuzi wa Jumuiya ni habari ya redioni.

Tatizo kubwa zaidi liko mezani Arusha, kwenye makao ya Jumuiya. Ibara ya 12 ya Mkataba inataka Mkutano wa Wakuu wa Nchi uamue kwa maafikiano. Watatu waliweza, ingawa hata Nyerere, Kenyatta na Obote, viongozi wa nchi hizo tatu wakati huo, waliotangaza Nairobi mwezi Juni 1963 kwamba shirikisho lingepatikana kabla ya mwaka huo kwisha, hawakulipata. Leo maafikiano hayo yanaihitaji Kinshasa, ambayo inaishutumu Kigali kuwasaidia waasi wa M23, na Kigali, ambayo inakanusha. Kikosi cha Jumuiya kilichopelekwa mashariki mwa Kongo kuanzia Novemba 2022 kiliondoka Desemba 2023 baada ya mwenyeji kukataa kukiongezea muda, na SADC ikachukua nafasi yake. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, ilibidi wakuu wa Jumuiya na wa SADC wakutane pamoja Dar es Salaam tarehe 8 Februari. Jumuiya peke yake haikutosha kuwasuluhisha wanachama wake.

Michango nayo ina mgogoro wake. Mkataba uliweka msingi wa kila nchi kuchangia sawa, kubwa na ndogo, na malimbikizo ya madeni yamekuwa yakikwamisha kazi za Sekretarieti na za Bunge la Jumuiya. Ratiba nazo zinateleza: sarafu moja, iliyotarajiwa 2024 kwa itifaki ya mwaka 2013, imesogezwa hadi 2031.

Wengi hutupa mfano wa Umoja wa Ulaya, na mara nyingi huutaja nusunusu. Nchi kumi zilizoingia kwa pamoja tarehe 1 Mei 2004 zilikuwa zimejadiliana kwa miaka, sura kwa sura ya sheria, na wanachama wa zamani waliruhusiwa kuwazuia wafanyakazi wa nyingi kati ya nchi hizo mpya kwa muda usiozidi miaka saba. Kabla ya hapo, Mkataba wa Nice wa Umoja huo ulikuwa umebadilisha hesabu ya kura. Hata hivyo, katika sera za nje bado nchi moja yaweza kuzuia wote, na Hungaria imelitumia sana rungu hilo la kura ya turufu. Kama Ulaya iliyojiandaa inakwama, sisi tusiojiandaa tutegemee nini?

Ibara ya 3 ya Mkataba wetu inataja utawala bora, demokrasia na haki za binadamu kuwa sifa za anayeomba kujiunga. Kwa maoni yangu imekuwa ikisomwa kwa huruma mno. Mwaka 2017 wakuu walikubali tupite kwanza katika muungano legelege wa kisiasa kabla ya shirikisho kamili. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Ila hata huo legelege hauwezi kusimama pale ambapo mwanachama mmoja anaweza kuzuia hatua inayomhusu mwenyewe.

Naomba basi maazimio ya semina hii yabebe mambo mawili: mwanachama aliye katika mgogoro asiwe na uwezo wa kuzuia uamuzi juu ya mgogoro huo, na mlango wa wanachama wapya ufungwe hadi Ibara ya 12 irekebishwe.