Mashine Inayomngoja Mtu Akosee



Nilikuwa nimeandaa mhadhara mwingine, wa upole, kuhusu tathmini ya hatari katika viwanda vidogo. Nimeuweka kando. Tarehe 28 Aprili, kwenye maadhimisho ya Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, alisimama mzungumzaji mmoja mwenye cheo chake, akatuambia kwamba ajali 88 katika kila 100 husababishwa na wafanyakazi wenyewe. Ukumbi ukapiga makofi. Muda si mrefu, huyo huyo akatukumbusha kuwa ajali haina kinga. Sasa, ikiwa yote mawili ni kweli, mwajiri amebakiwa na kazi gani? Achapishe mabango na kuhudhuria mazishi. Nilitoka pale nimeudhika, na leo mtanivumilia nikiishughulikia hiyo 88.

Namba hii ina mwenyewe. Ni H. W. Heinrich, mtu wa kampuni ya bima ya Travelers huko Hartford, Marekani, aliyeitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1931 kuhusu kuzuia ajali viwandani. Alisema amepitia ajali 75,000: 12,000 kutoka mafaili ya madai ya bima yaliyokwisha kufungwa, na 63,000 kutoka kumbukumbu za wenye viwanda. Akazigawa mafungu matatu. Asilimia 88 ni vitendo vya watu visivyo salama, 10 ni ubovu wa mitambo na mazingira, na 2 hazizuiliki.

Jumlisheni: 88 na 10 na 2 ni 100 kamili, na hapo ndipo pananisumbua. Chukueni mkanda wa mashine ya kusaga uliokaa wazi, na kijana anayepita karibu na shati lisilofungwa vifungo. Shati likavutwa. Ajali hiyo ni ya fungu lipi? Mkanda ulikuwa wazi, na shati nalo lilikuwa wazi. Mtu mwaminifu angeiandika kote kuwili, na jumla ingezidi 100. Ili isizidi, kila ajali ilibidi ipewe sababu moja tu. Na aliyeichagua ni nani? Kumbukumbu zile zilianzia kwa wasimamizi na wenye viwanda. Mnamjua msimamizi gani atakayeandika kwa mkono wake kwamba aliambiwa mkanda uzibwe na hakuuziba? Ataandika kwamba kijana hakuwa makini, na hatakuwa amesema uongo. Hata tukitaka kulihesabu upya rundo lile hatuwezi, maana mafaili ya Heinrich hayakupatikana kwa watafiti waliokuja kuyatafuta. Karibu karne nzima tunarudia jumla ya hesabu ambayo daftari lake halipo.

Nimtendee haki. Heinrich hakuwa adui wa kinga za mashine, na wengine walishiriki kumfanya mtume wa mabango. Lakini katika mfuatano wake maarufu wa mambo yanayozaa ajali, la kwanza kabisa aliloliweka ni asili ya mtu na malezi yake. Yaani uchunguzi wa mkono uliokatwa uanzie kwa babu wa aliyekatwa!

Ya wanazuoni wa ajali, Reason, Perrow na wenzao, nayapita. Wanafunzi wangu wameyafanyia mtihani, na wengine watayarudia wiki ijayo.

Ripoti ninayotaka kukaa nayo ni ya mwaka 1947, na walionisikiliza darasani watanisamehe. Paul Fitts na Richard Jones, wanasaikolojia wa jeshi la anga la Marekani, waliwauliza marubani swali lisilo na fahari: simulia mara wewe au mwenzako alipokosea kutumia wenzo au kitufe ndani ya ndege. Walikusanya visa 460. Wangeweza kuandika “kosa la rubani” mara 460 wakaenda kula. Badala yake waliuliza kila kosa lilikuwa la namna gani, na nusu yake yakawa ya aina moja tu: mkono ulishika kitu kingine badala ya kile ulichokikusudia.

Kwa nini? Wameweka jedwali dogo ambalo mimi ningelitundika katika kila ofisi ya mhandisi. Ndege ya B-25, kutoka kushoto: nguvu ya injini, propela, mchanganyiko wa mafuta. C-47: propela, nguvu, mchanganyiko. C-82: mchanganyiko, nguvu, propela. Ndege tatu, jeshi moja, mipangilio mitatu. Rubani aliyezoea ya kwanza akihamishiwa ya pili, siku mambo yakiharibika mkono wake unakwenda ulikozoea, na anayelaumiwa ni yeye.

Kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alikuwa ameitwa kutazama jambo la aibu. Marubani wa B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa tayari chini, wanakunja magurudumu. Wa C-47 hawakuwa na tatizo hilo. Hapakuwa na haja ya kuchunguza malezi ya mtu. Katika B-17, swichi ya magurudumu na ya flapu zilikaa pamoja na zilifanana. Katika C-47 sivyo. Dawa yake ilikuwa kishikio chenye umbo la gurudumu kwa magurudumu, na chenye umbo la kabari kwa flapu, vidole vijue hata gizani. Marubani walibaki wale wale.

Mimi mwenyewe, nikiwa injinia mchanga, nilipelekwa kwenye kiwanda kimoja kandokando ya Barabara ya Pugu, Dar es Salaam. Kijana alikuwa amewasha mashine ya kuchanganyia ambayo mwenzake alikuwa na mkono ndani yake, anaisafisha. Vidole vilikwenda. Faili nililokabidhiwa lilikuwa limekwisha kujazwa: chanzo, uzembe. Nikaenda kusimama kwenye ubao wa swichi. Kisanduku cha kushoto kiliwasha mashine ya kulia, cha kulia kikawasha ya kushoto, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mahali pa kutia kufuli. Kwenye kitufe kimoja palikuwa na nukta nyekundu. Nikamuuliza fundi umeme, mzee wa pale, “Mzee, hii alama ni ya nini?”

“Rangi ya kucha ya mama watoto, Injinia. Niliipaka mwenyewe. Bila hiyo hata mimi nachanganya.”

Basi zamu nzima ilijua. Kijana akafukuzwa, na ubao ukabaki vile vile na kijana mwingine.

Kama mnadhani haya ni ya viwanda vyetu tu, tazameni kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, Machi 1979: taa iliwaambia waendeshaji kuwa vali imeamriwa ifunge, ilhali vali imekwama wazi. Wakaona maji yamejaa, wakayapunguza, na kinu kikayeyuka kwa sehemu. Miezi 18 kabla, katika kituo cha Davis-Besse, waendeshaji wengine walikuwa wamedanganyika vivyo hivyo. Mhandisi wa kampuni iliyobuni vinu hivyo akaandika onyo, na onyo halikuwafikia waliolihitaji.

Najua pingamizi. Mafunzo yana maana. Waendeshaji wale wa 1979 walihitaji bora zaidi, na tume iliyochunguza ilisema hivyo. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alionyesha mwaka 1983 kuwa tukiuachia mtambo kazi nyepesi, mtu hubakiwa na zile ngumu, tena akiwa amepoteza mazoezi. Na walevi wapo. Nimeyapima yote, na bado nasimama nilipokuwa: watu tofauti wakikosea pahali pale pale, rekebisheni pahali. Huyo mlevi naye msimamizi alimwona getini, akampitisha kwa sababu oda ilikuwa imechelewa.

Hakuna jipya ninalolidai. Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri azingire mashine hatari, na Sheria ya Viwanda ya 1950 ilikuwa imekwisha kumtaka hivyo kabla ya Uhuru. Ninachoomba ni mstari mmoja zaidi kwenye fomu ya taarifa ya ajali, juu ya ule wa chanzo: nani mwingine amewahi kukosea hapa, na alimwambia nani? Ajibu fundi wa zamu, siyo msimamizi peke yake. Mstari huo ukishajazwa, mkaguzi akitaka kuandika uzembe, na aandike. Ila ataje na wa nani.