Jirani Asiyesali: Imani na Kutoamini katika Mkoa wa Simiyu

Mhadhara wa umma, Bariadi



Nimekuja kusema jambo ambalo katika mkoa huu husemwa kwa kunong'ona. Miongoni mwetu wapo watu wasioamini kwamba Mungu yupo. Wapo walimu, wauguzi, wakulima wa pamba, na vijana waliorudi likizo kutoka vyuoni. Wengi wao wamejifunza kujificha. Jumapili wanakwenda kanisani ili mama asiumie moyo, mwezi wa Ramadhani wanafunga mbele za watu, na fomu ikiuliza dini wanaandika ile waliyozaliwa ndani yake. Idadi yao haipo popote, kwa kuwa sensa ya Tanzania haijauliza swali la dini tangu ile ya 1967. Wenzetu wa Kenya huliuliza, na katika sensa yao ya 2019 watu zaidi ya 755,000 walijibu kwamba hawana dini. Sioni sababu ya kudhani kwamba upande wetu wa mpaka wa Sirari hakuna hata mmoja.

Nikiulizwa watu hawa na waumini waishi vipi pamoja, jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba kila mtu anyamaze na lake. Mimi silikubali jibu hilo. Kunyamaziana kunaepusha ugomvi kwa muda tu. Ninachokitetea leo ni kwamba mtu aheshimiwe mwenyewe, yaani uhai wake, kauli yake, ndoa yake na maiti yake, lakini dai lake liachwe wazi kuulizwa na kupingwa. Hapa Simiyu tuna sababu nzito ya kutenganisha mambo hayo mawili, nayo nitaifikia.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Nassa, ambayo leo iko Wilaya ya Busega, ilikuwa na wamisionari wa Kianglikana tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 kituo kile kikachukuliwa na misheni ya Africa Inland. Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki walikuwa wameshafika Bukumbi, karibu na Mwanza, tangu 1883. Pamoja na kuwahi huko kote, Usukuma uliingia dini hizi polepole kuliko sehemu nyingi za nchi. Vizazi vilipita ambapo ndani ya kaya moja baba aliwatambikia masamva, yaani mizimu ya mababu, mke mdogo akawa mkatekumeni, na kijana aliyekwenda kufanya kazi mjini akarudi na kanzu. Walikula ugali kwenye sinia moja. Kwa hiyo watu wa hapa si wageni wa kuishi na mtu anayekanusha lile unaloliona takatifu.

Lakini tusichanganye. Mzee anayeita jina la Liwelelo, Muumba, na kuwakumbuka waliotangulia si mtu asiyeamini; anaamini mengi, na mengine kwa kina kuliko wengi wetu. Makarani ndio waliomtia kapu moja na asiyeamini chochote, kwa kuwaandika wote "mpagani". Mtoto wa mzee huyo alipotaka kusoma, shule ilikuwa ya misheni, na mara nyingi mlango wa darasa ulipitia kwenye ubatizo. Ilikuwa hivyo hadi Sheria ya Elimu ya 1969 ilipozitaifisha shule nyingi za mashirika ya dini na kuzifungulia watoto wote. Jina la ubatizo la wazee wengi wa mkoa huu lilitokana na siku ya kuandikishwa shule. Simdharau aliyeipata imani kwa njia hiyo. Wapo walioishika hadi wakaifia. Ninasema tu kwamba watu wenye historia hii wasiwe wepesi wa kumdai mwenzao cheti cha imani.

Wasomi wa Afrika Mashariki walilijadili jambo hili mapema, na kwa ukali. John Mbiti, Mkenya na kasisi wa Kianglikana aliyefundisha Makerere, alichapisha mwaka 1969 kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akashikilia kwamba kwa Mwafrika dini imeingia katika kila pembe ya maisha kiasi kwamba huwezi kuitenga. Okot p'Bitek wa Gulu, mshairi na mwanaanthropolojia ambaye naye alifundisha Makerere, akampinga. Alisema wasomi wa namna ya Mbiti wamewavika Waafrika mavazi ya Kigiriki, wakaigeuza mizimu ya kila kabila kuwa Mungu wa wanateolojia. Alitoa mfano wa kwao Uacholi: jina ambalo wamisionari walilichukua kuwa la Muumba lilikuwa, kwa wenyeji, la zimwi linalopinda watu mgongo. Mimi naona Okot alikuwa na haki kubwa kuliko Mbiti katika suala la ushahidi, ijapokuwa Mbiti aliyajua maisha ya waumini vizuri zaidi. Lakini ninachokitaka kwenu ni hiki: mabishano yale yalifanyika vitabuni na madarasani, kwa majina yao kamili, na hakuna aliyelazimika kuikimbia nchi kwa sababu ya kusema kwamba babu zake hawakumjua Mungu wa wamisionari.

Hapa nchini Mwalimu Nyerere, Mkatoliki ambaye hakuificha imani yake, aliandika mwaka 1968, katika utangulizi wa kitabu chake cha Uhuru na Ujamaa, kwamba ujamaa hauna la kusema juu ya kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu, wala haumdai mtu awe mkana Mungu. Aliyaandika hayo wakati ambapo baadhi ya waumini waliogopa kwamba siasa ya Azimio la Arusha ingewapeleka Moscow, na baadhi ya wanamapinduzi walitaka iwapeleke huko. Alizikatalia pande zote mbili. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 3, inaitaja Jamhuri kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa mawazo, wa imani, na wa kubadilisha dini au imani. Ukisoma sheria ya viapo utakuta jambo ambalo wengi hawalijui: shahidi anayesema hana imani ya dini anaruhusiwa kuthibitisha bila kushika kitabu chochote, na ushahidi wake una uzito uleule. Yaani mahakama, mahali ambapo kauli ya mtu inaweza kumfunga mwenzake, imeshakubali kwamba asiyeamini anaweza kusema kweli. Ni mitaani ndiko bado tunabisha.

Kenya wamepita kwenye jaribu lililo wazi zaidi. Mwaka 2016 chama cha wakana Mungu kiliandikishwa kisheria, na miezi michache baadaye kikasimamishwa baada ya malalamiko ya watu wa dini, kisha usajili wake ukarudishwa. Mwaka 2021 katibu wa chama hicho, Seth Mahiga, alijiuzulu. Alisema amempata Yesu Kristo na hana tena hamu ya kueneza kutoamini. Mwenyekiti wake, Harrison Mumia, alitoa taarifa kwa umma, akamshukuru kwa kazi aliyoifanya na kumtakia heri. Watu wengi waliichekea habari ile. Mimi niliisoma kwa heshima, kwa sababu najua ilivyo vigumu kumtakia heri mtu anayeondoka kwako akienda kwa wale mnaobishana nao. Najiuliza ni parokia ngapi, misikiti mingapi, ambayo ingemtangazia heri katibu wake aliyeondoka kwa safari ya upande wa pili.

Sasa nifike kwenye sababu nzito niliyoitaja.

Kati ya 1970 na 1984, kwa takwimu za serikali alizozichambua mwanasosholojia Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukuma, mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Nasi wa Bariadi, Maswa na Meatu wakati ule tulikuwa Shinyanga. Waliouawa wengi walikuwa wanawake, na wengi wazee. Dalili moja iliyowaponza ni macho mekundu. Mnajua macho yale yalitoka wapi. Miti ilikwisha, sehemu kwa kufyeka mashamba ya pamba, sehemu kwa kufukuza mbung'o, na bibi akabaki anapika kwa vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, miaka arobaini. Moshi ukamla macho. Mtoto wa jirani akafa kwa malaria, familia ikaenda kwa mganga kupiga ramli, na mganga akaelekeza kwenye nyumba ya yule bibi. Usiku wakaja na mapanga. Kuanzia 2007 nchi nzima ikaona jambo hilohilo kwa sura nyingine, watu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao.

Wauaji wale na waliowatuma hawakuwa watu wa upande mmoja. Wapo waliokuwa na majina ya ubatizo, wapo waliokwenda Ijumaa. Na wapo mapadre, wachungaji na masheikh waliosimama mlangoni pa wazee hao na kuwakinga kwa miili yao, na hao nawaheshimu kuliko mwanafalsafa yeyote aliyekaa mbali. Lakini ramli haikupingwa vya kutosha. Kanisani watu waliambiwa wasiue. Ni mara chache waliambiwa kwamba yule bibi hakufanya lolote, kwamba hana uwezo wa kumuua mtoto kwa kumtazama. Mahubiri mengine hata leo yanampa mchawi nguvu kubwa, kisha yanamuuzia muumini kinga. Hapo ndipo ningependa mtu mwenye shaka asimame kijijini aulize: aliyejua alijuaje? Swali hilo linaudhi. Linaweza kumkasirisha mganga, nabii wa kanisa jipya, na baba aliyefiwa. Heshima inayotaka swali hilo lisiulizwe imeshagharimu maisha ya bibi zetu.

Lakini kuuliza si kukashifu, na simkubali pia asiyeamini anayedhani shaka inampa ruhusa ya kukashifu. Kanuni ya Adhabu inakataza maneno ya makusudi ya kujeruhi hisia za dini, lakini mimi sisemi kwa kuogopa kifungu. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja ulimuua mchungaji. Tunajua kanda hii inavyoshika moto. Na tena asiyeamini wa Simiyu amelelewa na kazi za waumini. Kama mama yake alijifungulia au ndugu yake alitibiwa Kolandoto, alihudumiwa katika hospitali iliyoanzishwa na watu waliofunga safari kwa sababu ya Injili. Anaweza kusema wamekosea juu ya mbingu. Asiseme walikuwa wajinga.

Wasukuma tunao mfano wa kushindana bila kuvunja kijiji: Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, makundi haya mawili ya ngoma husimama uwanja mmoja, kila moja na dawa zake na waasisi wake, na nyimbo zao husutana kwa maneno makali mno. Watazamaji huhamia kwenye ngoma inayowavuta, na upande wenye umati ndio ulioshinda. Jioni wote wanarudi njia moja, na msimu wa kilimo ukifika wanasaidiana majembe.

Nimalizie na msiba, kwa kuwa hapo ndipo heshima yetu hupimwa kwa vitendo. Mmeona wote. Mtu amekufa asubuhi. Vijana wamechukua sururu kwenda kuchimba kaburi, wanawake wanaingia na ndoo za maji na unga kichwani, wanaume wamekaa chini ya mti wanachangishana. Asiyefika hutozwa faini au hutengwa, na hiyo ni sheria ya kijiji isiyouliza dini. Kisha linakuja swali: nani ataongoza mazishi? Katekista anauliza marehemu alikuwa jumuiya gani. Hakuwa na jumuiya. Alikwishawaambia watoto wake kwamba haamini. Hapo hutokea moja kati ya mawili: ama anazikwa haraka bila neno, kama mtu aliyeadhibiwa, ama ndugu wanamtafutia mchungaji wa kumwombea sala alizozikataa akiwa hai. La kwanza ni ukatili. La pili hufanywa kwa upendo, nami nalielewa, lakini linamnyima mtu neno lake la mwisho.

Ninaomba mambo matatu yanayowezekana kesho. Asiyeamini amweleze mtu wa familia, na mwenyekiti wa kitongoji, namna anavyotaka kuzikwa, asiwaachie wafiwa kubahatisha. Mzee wa ukoo apewe nafasi ya kusimama kaburini aeleze marehemu alikuwa nani, alilima wapi, alimsaidia nani. Desturi hiyo ni yetu tangu kabla ya Nassa na Bukumbi, na haihitaji daftari la parokia. Na muumini anayetaka kumwombea amwombee, kwa kuwa hata yeye ana haki ya imani yake, ila afanye hivyo nyumbani kwake au moyoni mwake, wakati mikono yake iko kwenye koleo pamoja na ya wengine.