Kioo cha Mbele cha Gari la Umeme: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukibadili

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mshangano, Songea)



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, nalo ni kioo cha mbele cha gari. Tena si gari lolote, bali gari la umeme. Huenda ndugu mmoja akauliza: "Chama chetu hata pikapu ya dizeli tunaazima. Gari la umeme latuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Mwaka 2018 mkoa wetu wa Ruvuma uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia kuu ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji wa Songea ulitegemea mitambo ya dizeli. Kwa majirani zetu nako mambo yamesogea. Nchini Uganda, kampuni ya Kiira Motors ilionyesha basi lake la Kayoola mwaka 2016. Mjini Nairobi, kampuni ya BasiGo ilianza kubeba abiria kwa mabasi ya umeme mwaka 2022. Ethiopia, mwaka 2024, ilipiga marufuku kuingiza nchini magari binafsi ya petroli na dizeli. Na miongoni mwa magari yaliyotumika yanayoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani, yamo ya umeme mtupu na yale yenye injini na mota kwa pamoja. Kwa hiyo siku yaja ambapo chama kimojawapo kitanunua au kukodi gari la namna hiyo. Ni heri maarifa yatangulie gari kuliko gari kutangulia maarifa. Tena mengi nitakayosema yanalihusu pia gari jipya la dizeli.

Ndugu zangu, mahali ambapo gharama hutukuta ghafla ni kioo cha mbele. Barabara zetu za kwenda vijijini aghalabu ni za changarawe. Lori la mahindi likipita mbele yako, jiwe dogo tu latosha kuacha ufa. Hapo ndipo katibu anapoletewa bei ya fundi na kutakiwa kutia sahihi hati ya malipo. Ningependa siku hiyo katibu awe anajua anacholipia.

Kwanza, tujue kioo hicho ni kitu gani. Kioo cha mbele si kipande kimoja. Ni vioo viwili vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Asili yake ni mwaka 1903, wakati mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, alipoangusha chupa ya maabara akaona imepasuka bila kusambaratika, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na utando wa dawa iliyokauka. Mwaka 1909 alipata hataza ya uvumbuzi wake. Ndiyo sababu kioo cha mbele kikipigwa hupata nyufa lakini vipande hubaki vimeshikana, tofauti na vioo vya milangoni ambavyo huvunjika kuwa punje ndogo ndogo.

Katika magari ya siku hizi kioo hicho kimebandikwa kwenye bodi kwa gundi yenye nguvu nyingi, nacho kina kazi tatu. Huzuia upepo na mvua. Huchangia kushikilia paa lisibonyee gari linapopinduka. Na katika magari mengi huwa ni mhimili wa mfuko wa hewa wa abiria wa mbele. Mfuko huo hufumuka kwa kasi kubwa, ukaegemea kioo, ndipo ukampokea abiria. Kioo kilichobandikwa vibaya kitasukumwa nje, na mfuko hautakuwa na pa kuegemea. Kwa hiyo yatupasa kukihesabu kioo pamoja na breki na mikanda ya usalama, wala si pamoja na mapambo ya gari.

Pili, gari la umeme lina tofauti gani? Halina ngurumo ya injini, hivyo sauti ya upepo husikika zaidi. Kwa ajili hiyo magari mengi ya umeme huwekewa kioo chenye utando maalumu wa kupunguza kelele. Baadhi yake huwa na kioo cha kupunguza joto la jua, kwa sababu kipoza hewa cha gari la umeme hutumia umeme wa betri ile ile inayoliendesha gari. Kadhalika halina joto la injini la kufutia ukungu kiooni katika asubuhi za baridi za mwezi Juni na Julai. Joto hilo nalo hutoka katika betri. Ukiweka kioo cha kawaida mahali pa kioo cha namna hii, gari litakwenda, lakini wakati wa jua kali kipoza hewa kitakula umeme zaidi, na mwendo kwa chaji moja waweza kupungua.

Zaidi ya hayo, magari mengi mapya yana kamera nyuma ya kioo, karibu na kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Kamera hiyo husoma mistari ya barabara, magari na watu walio mbele, na katika magari mengine huamuru breki zikamate zenyewe. Nitairudia hivi punde.

Sasa nije kwenye hatua za kufuata.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kama kubadili kioo ni lazima. Alama ndogo ya jiwe yaweza kuzibwa kwa utomvu maalumu, ikiwa haiko mbele ya macho ya dereva, haiko ukingoni, wala haiko mbele ya kamera. Kwa kulinganisha, katika ukaguzi wa magari wa Uingereza, sehemu ya kioo iliyo mbele ya dereva, yenye upana wa milimita 290, hairuhusiwi kuwa na dosari inayozidi milimita 10. Na kwingineko panapofagiwa na waipa, isizidi milimita 40. Kipimo hicho si sheria yetu, lakini chatusaidia kuamua. Alama ikionekana, izibwe mapema. Ikiachwa, mitikisiko ya barabara pamoja na mabadiliko ya joto na baridi huifanya iwe ufa mrefu, na hapo hapana tena njia ila kubadili kioo kizima.

Hatua ya pili ni kuagiza kioo kinachostahili. Usiagize kwa jina la gari na mwaka pekee. Mpe muuzaji namba ya chesisi, pamoja na picha ya maandishi yaliyo pembeni mwa kioo cha zamani. Maandishi hayo hutaja mtengenezaji na alama ya ubora. Herufi E yenye namba ndani ya duara, kwa mfano, ni alama ya kukubaliwa kwa mujibu wa kanuni za magari za Umoja wa Mataifa, na kwa vioo kanuni yenyewe ni Namba 43. Mweleze kama kioo kina mahali pa kamera, kihisio cha mvua, au nyaya za joto. Songea ni zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam. Kioo kisichofaa kikifika, safari ya kukirudisha ni hasara ya wanachama. Nacho kisafirishwe kikiwa kimesimama, wala kisilazwe chini ya mizigo, na kikaguliwe kabla ya kutiwa sahihi ya kupokelewa.

Hatua ya tatu ni kumchagua fundi. Hapa nina maswali manne ya kumwuliza.

Je, anajua kulizima gari la umeme? Gari hilo laweza kuwa tayari kuondoka bila kutoa sauti yoyote. Lizimwe, taa ya dashibodi inayoonyesha kuwa liko tayari ihakikishwe imezimika, na ufunguo uwekwe mbali. Waya mnene wa rangi ya machungwa ni wa umeme mkubwa: magari mengi hutumia volti zipatazo 400, na mengine 800. Kazi ya kioo haihitaji kuugusa. Fundi asiukate wala asiufungue, na kisu chake kisipenye kwa kubahatisha mahali asipopaona.

Je, atasafisha vipi gundi ya zamani? Fundi mwelewa huipunguza hadi ubaki utando mwembamba, kiasi cha milimita moja au mbili, ili gundi mpya ishike juu yake. Akikwaruza rangi ya bodi, sharti apake dawa ya kuzuia kutu kabla ya gundi, kwa sababu kutu ikianza hapo kioo huachia.

Je, gundi yake ni ipi, na tarehe yake ya mwisho ni ipi? Gundi ya kazi hii ni ya jamii ya poliurethani, nayo huharibika ikikaa muda mrefu. Katibu asome tarehe kwenye kopo kwa macho yake mwenyewe.

Je, gari lipumzike kwa saa ngapi? Swali hili, ndugu zangu, ndilo lenye hatari kubwa kupita yote. Gundi hii hukauka kwa kuvuta unyevu uliomo hewani, na joto huisaidia. Zipo aina zinazoruhusu gari kuondoka baada ya saa moja, na zipo zinazohitaji saa nyingi, hata siku nzima. Sasa fikirini hali yetu. Miezi ya Juni hadi Agosti hewa ya Songea ni ya baridi na kavu. Hapo gundi hukawia. Nayo ndiyo miezi ya pilikapilika za mazao, meneja anataka gari leo hii, na dereva anangoja ufunguo mkononi. Haraka yetu na ukawiaji wa gundi hukutana siku moja. Gari likitoka mapema, likateremka mlima Lukumburu likapata ajali, kioo kitakuwa kimesimama kwa mazoea tu. Kwa hiyo saa za mapumziko ziandikwe kwenye karatasi kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji wa gundi, na pasiwe na mtu wa kuzipunguza, hata awe Mwenyekiti. Katika muda huo dirisha moja liachwe wazi kidogo, ili mlango ukifungwa hewa isikisukume kioo. Wala gari lisioshwe kwa maji ya nguvu.

Hatua ya nne ni kamera. Ikiwa gari linayo, sharti ielekezwe upya baada ya kioo kubadilishwa, kwa kufuata maagizo ya mtengenezaji. Kazi hiyo hufanywa karakana kwa vibao maalumu na kompyuta, au barabarani penye mistari inayoonekana vizuri, au kwa njia zote mbili. Msidhani kuwa tofauti ndogo haina madhara. Kamera ikipinda kwa nyuzi moja tu, kitu kilicho mita 100 mbele kitaonekana kimehama kwa takriban mita 1.75. Huo ni karibu nusu ya upana wa njia moja ya barabara. Gari laweza kufunga breki pasipo na kitu, au kumkosa mtoto anayevuka. Kama fundi wa karibu hana vifaa hivyo, gharama ya kulipeleka gari penye vifaa ihesabiwe tangu mwanzo.

Hatua ya tano ni ya fedha, nayo ni ya makatibu hasa. Itazameni hati ya bima kabla ya kumwita fundi. Bima ndogo, ile ya kumlinda mtu wa tatu, hailipi kioo chenu. Bima kubwa aghalabu hulipa, lakini kwa kiwango kilichowekwa, na kwa sharti la kutoa taarifa kabla ya matengenezo. Pigeni picha, toeni taarifa, kisha ombeni bei kwa maandishi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Fundi wa kwanza anataka shilingi 500,000, wa pili shilingi 900,000. Bodi itavutwa na bei ya kwanza. Lakini je, bei hiyo ina kioo cha aina ile ile? Ina gundi, dawa ya kutu, uelekezaji wa kamera na dhamana ya maji kutovuja? Ikiwa kila kimoja kitadaiwa baadaye, ile bei ndogo yaweza kuipita kubwa. Kwa hiyo linganisheni kazi kwa kazi ndipo mlinganishe shilingi kwa shilingi. Uamuzi uandikwe katika muhtasari, na risiti ya EFD ihifadhiwe pamoja na aina ya kioo, aina ya gundi na saa za mapumziko. Mkaguzi wa hesabu akija ataona fedha zilikokwenda. Na dereva ataona analindwa na nini.

Ndugu Mwenyekiti, nina pendekezo moja tu. Mkoani mwetu ushirika ni wa siku nyingi. Chama Kikuu cha Ngoni-Matengo kilianzishwa mwaka 1936. Nguvu ya ushirika ni kununua na kuuza kwa pamoja. Vyama vyenye magari, ya dizeli au ya umeme, vipeleke kwa chama kikuu orodha ya magari yao pamoja na namba za chesisi, ili atafutwe fundi mmoja aliyehitimu na bei moja iliyopatanwa, kabla jiwe halijaruka. Chama kimoja chenye gari moja hakina sauti mbele ya muuzaji wa Dar es Salaam. Vyama ishirini vinayo.

Wanaopanda magari yetu ni makatibu, wahasibu na wakulima wenye kwenda kupokea haki yao. Kioo kinachowakinga na kibandikwe kwa uangalifu ule ule tunaoutumia kupima mazao yao kwenye mizani.