Kijana Akitaka Kusomea Muziki: Tuketi Kwanza Tuhesabu

(Hotuba iliyotolewa kwa wanakwaya na waumini katika sherehe za Jubilei ya Kwaya)





Mnanijua. Mimi ni wa sauti ya nne, na kazi yangu ni uhasibu. Walioniomba nizungumze walitaka historia ya kwaya, lakini historia mtaisoma kwingine katika kitabu hiki. Mimi nimebeba swali lililoulizwa hapa nje baada ya Misa ya pili. Kijana wetu mmoja wa sauti ya tatu, mpiga kinanda mnayempenda, alimwambia baba yake kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea muziki. Baba akanigeukia mimi: "Mhasibu, hiyo shahada italeta unga nyumbani?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Kwa hivyo leo namjibu sawasawa.

Bwana wetu katika Injili ya Luka alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama. Basi tuketi.

Gharama ya kwanza ni karo. Sisi tuliosoma zamani katika vyuo vya umma tunakumbuka Sh16,000 kwa mwaka, nyingine ikilipwa na serikali. Tangu mpango mpya wa mwaka 2023, msaada na mkopo hupimwa kwa uwezo wa familia. Mzazi, usisikize bei ya jirani. Chukua barua ya mtoto wako na usome kiasi kilichoandikwa humo. Na mkopo wa HELB si sadaka. Una riba ya 4% kwa mwaka. Akikopa Sh240,000, riba ya mwaka mmoja ni Sh9,600 kabla hajapunguza deni lenyewe.

Gharama ya pili haimo katika barua: ala ya kufanyia mazoezi, chumba ambacho majirani hawatagonga ukuta, nauli, chakula.

Gharama ya tatu ndiyo tunayoisahau. Ni miaka minne ambayo rafiki yake aliyeingia kazini Luthuli au Kamukunji atakuwa tayari anaweka akiba.

Sasa mapato. Kazi ya mshahara inayofahamika zaidi ni ualimu, na hapa kuna mlango ambao vijana wengi huupita bila kusoma kibao chake. Kuajiriwa na TSC kufundisha sekondari kunahitaji mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundisha. Shahada ya muziki peke yake haitoshi. Shahada ya elimu yenye muziki na somo la pili inatosha, au stashahada ya ualimu baada ya shahada ya kwanza. Majina ya kozi yanafanana, lakini mishahara mwisho wa safari haifanani. Ulizeni kabla ya kujaza fomu. Mtaala mpya nao umeweka njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, hivyo walimu wa muziki watahitajika. Lakini kuhitajika si sawa na kuajiriwa. Walimu waliokaa miaka wakingoja barua wamo humu kanisani, wanajua.

Njia ya pili ni masomo ya faragha. Tuseme, kwa mfano tu, mwalimu anatoza Sh1,500 kwa saa na ana wanafunzi 8 kwa wiki. Ni Sh12,000 kwa wiki. Msikimbilie kuzidisha mara 52, maana Aprili, Agosti na Desemba watoto wamekwenda ushago. Hesabu wiki 36: Sh432,000. Toa nauli ya Sh300 kwa kila somo, jumla Sh86,400. Zinabaki Sh345,600, yaani Sh28,800 kwa mwezi. Si njaa, lakini kwa Nairobi yenye kodi ya nyumba, si utajiri. Ndiyo sababu wengi huongeza harusi, studio, kunoa kwaya za shule kwa Tamasha la Muziki ambalo limekuwapo tangu 1927, au hutafuta nafasi katika bendi za polisi na jeshi, ambako mshahara hauna likizo.

Je, waliotutangulia walifanyaje? Mwaka 1963 watu watano walipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa, wakachukua sauti ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo. Mmoja wao, Washington Omondi, alisomea muziki hadi shahada ya uzamifu huko London, akaja kuwafundisha wengine. Upande mwingine tulikuwa na Arthur Kemoli: alifundisha fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, na huku akitunga na kupanga nyimbo ambazo kwaya za nchi hii bado zinaziimba. Mmoja alikula kwa muziki, mwingine alikula kwa fasihi akaulisha muziki. Hakuna aliyepotea.

Kwa hivyo, mzee mwenzangu, jibu langu ni hili. Mwana wako akipata kozi yenye ualimu na somo la pili, na deni lake mnaweza kulibeba bila kuuza shamba, mwache aende. Akipata kozi ya muziki mtupu kwa karo ya kujilipia mwenyewe, ngojeni kwanza. Anaweza kusomea kazi nyingine huku akifanya mitihani ya muziki ngazi kwa ngazi, kama wengi wanavyofanya pale Conservatoire iliyopo tangu 1944, mwendo mfupi kutoka hapa mjini. Kipaji hakiozi kwa kungojea mwaka mmoja. Deni ndilo huongezeka.

Lakini siwezi kukaa chini bila kusema la mwisho, na Baba Paroko atanisamehe. Baba yule ana haki ya kuuliza kama muziki unaleta unga, kwa sababu ametuona sisi. Kwenye harusi humu ndani, mpiga picha hulipwa kabla hajafungua mkoba. Wa maua hulipwa. Wa hema hulipwa. Mpiga kinanda hupewa soda, sahani ya pilau na "Mungu akubariki, kijana." Halafu tunashangaa kwamba wazazi hawautaki muziki. Sisi ndio tuliouwekea bei ya soda.

Kuimba Jumapili ni sadaka yetu, na ibaki hivyo. Harusi ya mtu binafsi ni kazi. Naomba kamati ya kwaya iandike kiwango cha malipo kwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya, kibandikwe ofisini pamoja na masharti mengine ya harusi. Na sehemu ya mchango wa Jubilei hii, kabla hatujashona sare nyingine, iwe mfuko wa kusaidia karo ya mwanakwaya mmoja kila mwaka, kwa sharti kwamba atarudi kutufundisha nota.

Mimi nimeanza. Bahasha yangu iko kwa mweka hazina, na nimemwambia asiitaje.

Yule kijana yuko pale kwenye kinanda sasa hivi, anangoja nimalize ili atupe sauti. Namaliza. Lakini leo jioni, kabla hajafunga kinanda, mtu amlipe.